Pikapu Iliyomwagilia Sebule

"Kwako ni juu, kwangu ni chini," alisema Mama Turubai akiwa uvunguni mwa pikapu, ambako miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. "Sasa hebu niambie, baba, hayo maji yamepanda kwako kwa miguu ya nani?"

"Kama yana miguu au yana mabawa mimi sijui," alijibu Bwana Geti. "Ninachojua, yako sebuleni kwangu. Zulia limelowa chapachapa. Mke wangu amepandisha makochi juu ya matofali, utadhani tunangoja gharika."

"Umeyaonja?"

"Niyaonje kwa nini?"

"Maji ya rejeta yana ladha ya kutu. Ya bomba lako la jikoni hayana. Onja kwanza, ndipo uje uninyooshee kidole."

Bwana Geti alikuwa amesimama upande wake wa ukuta, viwiko ameviegemeza juu ya tofali la mwisho. Ukuta ule ulimzidi Mama Turubai kimo, lakini kwa kuwa kwa Bwana Geti ni juu, yeye ulimfika kifuani tu, na kila walipogombana alionekana kama mtu anayehutubia mkutano. Ng'ambo ya uwanja, wapangaji wa nyumba ya jirani waliokuwa wakifua waliacha kusugua. Povu likawa linazimika mabesenini na hakuna aliyejali.

"Nimeshayaonja," alisema Bwana Geti, safari hii kwa sauti ya chini. "Yana kutu."

Mama Turubai akajivuta kutoka uvunguni, akajifuta mikono kwenye gauni la kazi. Alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, wa kuongea na kundi zima kwa pamoja na kila mmoja akaona ameongeleshwa yeye. Jina alilipata kwa kazi yake: alikodisha maturubai na viti kwa harusi, misiba na mikutano. Mtaa mzima ulikuwa umewahi kulia au kucheza chini ya maturubai yake. Biashara aliianza na mumewe, na mumewe alipofariki ikabaki kwake pamoja na pikapu, ya dizeli, kuukuu, ya enzi zile walipotengeneza boneti la bati nene ambalo mtu mzima angeweza kulikalia akanywa chai. Jumamosi ilikuwa na harusi kubwa, ya wale watu wanaoalikana mpaka wanasahau nani alimwalika nani. Bila pikapu maturubai hayafiki, na yasipofika, Mama Turubai hataitwa tena na watu wale, wala na wote watakaosimuliwa na watu wale.

"Nitaiziba, jirani," akasema.

"Ulisema hivyo hivyo wiki jana. Mimi nimekwisha kuongea na mwenyekiti wa mtaa. Ikifika Ijumaa bado inavuja, gari litoke hapa ukalilaze kwingine."

"Kwingine wapi? Na maturubai niyapakie wapi, katikati ya barabara?"

"Hilo utalijua wewe na gari lako," alisema Bwana Geti, na kichwa chake kikaondoka ukutani.

Wapangaji wakarudi kufua, lakini taratibu, kama huenda kungekuwa na sehemu ya pili.

Mama Turubai alilala tena, safari hii kifudifudi, akatazama. Tone lilidondoka kutoka ubavuni mwa injini, likafuatwa na lingine, yakakusanyika udongoni mpaka yakawa kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Kidimbwi kilitulia kidogo. Kisha kikatoa mkondo mwembamba kama kidole, na mkondo ukaanza kuupanda mteremko kuelekea ukutani, polepole, kama mtu aliyebeba mzigo na anayejua anakokwenda. Ulipofika ukutani ukapita chini ya msingi. Mama Turubai akaona kwamba jirani hakusema uongo. Hakuwa mtu wa kubishana na alichokiona kwa macho yake, kwa hiyo akafunga kitambaa kichwani, akazunguka kwa barabarani kwenda kupiga hodi.

Geti ndilo lililompa Bwana Geti jina. Lilikuwa la chuma, na simba wawili wamechomelewa juu, na kulifungua kulihitaji bega. Mama Turubai aliliwekea bega.

"Karibu, mwenzangu, vua viatu," alisema mke wa Bwana Geti, tambara mkononi. "Au usivue. Sakafu yenyewe ndiyo hiyo."

Hao wawili walikuwa marafiki. Waliazimana sufuria, mkaa, na habari za watu, na ugomvi wa ukutani hawakuuingiza ndani.

Zulia lilikuwa limekunjwa na kusimamishwa kwenye kona. Maji hayakuwa yametapakaa ovyo. Yalikaa katika mstari ulionyooka kama uliopigwa kamba, kutoka mlango wa jikoni, uvunguni mwa kochi kubwa, mbele ya televisheni, hadi chini ya dirisha la barabarani. Mke wa Bwana Geti aliyafuta kipande mbele ya mgeni wake ili aone mwenyewe. Alipoinua tambara, maji yakarudi mahali pake.

"Na hapo je?" aliuliza Mama Turubai. Katikati ya vigae, mle mle kwenye mstari, palikuwa na vichipukizi vya kijani.

"Hivyo? Jana nilivikata na mkasi wa kushonea. Leo vimerudi na ndugu zao."

Mama Turubai akainama, akakigusa kimoja. Kikamchoma. Akanyonya kidole.

"Michongoma," alisema.

"Hata mimi nilisema michongoma. Baba watoto anasema ni magugu." Mke wa Bwana Geti akayakamua maji ya tambara kwenye ndoo. "Haya niambie, bi harusi wa Jumamosi ni yule yule wa mwanzo, au wamembadilisha?"

Wakaongea habari za bi harusi mpaka ndoo ikajaa.

Habari za michongoma ile mtaa ulikuwa unazijua, ila ulikuwa umeziweka mahali ambapo watu huweka habari wasizonuia kuzitumia.

Marehemu mume wa Mama Turubai hakuwa mtu wa kununua kulanti, ile dawa ya dukani ya kupoza injini. Alitia maji ya bomba kwenye rejeta, kama wenzake wote, na yakishageuka rangi ya chai aliyafungulia kwenye ndoo, akaenda kuyamwaga kwenye ua wa michongoma uliotenganisha viwanja viwili. Alisema miti ile inapenda chuma. Labda kweli, maana ua ulinawiri ukawa mzito hata kuku hakupenya. Miaka yote ya ndoa yao, maji yaliyotoka kwenye injini ile yalikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Kisha akafariki. Watu walikuja wengi, na Mama Turubai akafungiwa maturubai yake mwenyewe uwanjani, pazia za pembeni zikashushwa upande wa ua ili jua la mchana lisiwapige waombolezaji. Nyuma ya pazia zile zilisikika sauti za koleo na za watu wakipokezana matofali. Waliokaa karibu walidhani ni mtaro unazibuliwa. Bwana Geti alisaidia sana kwenye msiba ule. Alitoa maji, alitoa masufuria, alipokea wageni kama wake, na jikoni kwake ndiko kulikopikwa. Siku maturubai yaliposhushwa, ua haukuwapo. Palikuwa na ukuta, umesimama hatua kadhaa ndani ya uwanja wa Mama Turubai, plasta yake bado mbichi. Baadaye sebule ya Bwana Geti ikapanuliwa hadi kuugusa ukuta huo, na meza ya chakula ikahamia upande mpya, kwenye mwanga.

Hakuna aliyesema kitu. Wengi walikuwa bado hawajarudisha vyombo vya jikoni kwa Bwana Geti.

Jioni alikuja Fundi Masikio. Alikuwa rafiki wa marehemu, mtu mwembamba anayeinamisha kichwa upande mmoja hata akisalimia, kwa sababu magari aliyatibu kwa kuyasikiliza. Alimwita Mama Turubai shemeji, na shemeji yake alimtania tangu anapotokea mpaka anapoondoka.

"Umekuja kutengeneza au umekuja kunywa chai?"

"Chai kwanza. Injini ya moto haiguswi."

"Injini haijawashwa tangu asubuhi."

"Basi mimi ndiye wa moto, shemeji."

Alikunywa, kisha akaingia uvunguni. Alikuwa na hatia kidogo na hakuificha: mwezi uliopita alikuwa ameisafisha rejeta na mfumo wote kwa maji ya moto, likatoka tope jekundu la kutosha kufinyangia chungu, na tangu siku hiyo ndipo kuvuja kulipoanza. Alidhani ni mpira wa chini wa rejeta. Akaubadilisha, akaweka na klempu mpya, akakaza. Asubuhi maji yalikuwa yamepanda tena kwa Bwana Geti. Akadhani ni pampu ya maji. Akaifungua, akaikuta nzima, akairudisha na gasketi mpya. Maji yakapanda.

Wakati huo ua nao haukulala. Ulipofika kwenye magoti mke wa Bwana Geti aliacha kuukata, maana mkasi ulikuwa umekuwa butu na nguo za watu zilikuwa zinasubiri kushonwa. Kochi kubwa lililokuwa limesimama juu ya mstari lilisukumwa na matawi, taratibu, usiku na mchana, mpaka likageukia ukutani. Wageni waliofika walitundika mikoba yao kwenye miiba. Mmoja alisema panapendeza, na akaomba kipandikizi.

Bwana Geti aliukata ua kwa panga mpaka chini. Kesho yake ulikuwa pale pale magotini, haukupungua wala kuzidi.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja akiwa na kofia yake ya mikutano. Aliketi kwenye kochi lililo juu ya matofali, na kwa kuwa alikuwa mfupi, miguu yake haikugusa sakafu. Kofia aliitundika kwenye mwiba. Bwana Geti alikaa upande mmoja wa ua, Mama Turubai upande wa pili, na Fundi Masikio akasimama mlangoni, kichwa upande, akisikiliza friji ya jikoni.

"Friji yenu inaumwa," alisema.

"Tuanze," alisema mwenyekiti.

Bwana Geti akaeleza: maji, zulia, makochi, miti. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi, na mkewe alitikisa kichwa kukubali kila alipomtazama.

"Mama Turubai?"

"Maji ni ya kwangu, sikatai. Lakini, mwenyekiti, tazama hapo yanaposimama. Ule ni ua wa mume wangu. Wewe unaujua."

"Naujua," alisema mwenyekiti. "Nilikuwa naegesha baiskeli pale kwenye kona, penye dirisha sasa. Ulinitoboa gurudumu mara nyingi tu."

"Basi umeona mwenyewe. Kuanzia hapa mpaka kwenye ukuta ni kwangu."

"Inaonekana hivyo."

Bwana Geti hakukasirika. Alikuwa na jibu lake na alikuwa nalo tangu zamani. "Mwenyekiti, mimi sikuiba. Nilimwomba. Nilimwendea akiwa amekaa na wafiwa wenzake, nikamwambia, mama, naomba nipanyooshe kidogo pale mpakani. Akaniambia, fanyeni tu. Muulize."

Mwenyekiti akamgeukia. Wote wakamgeukia.

Mama Turubai alikumbuka. Siku zile alikuwa amesema fanyeni tu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Aliulizwa chai iwe na maziwa, akasema fanyeni tu. Aliulizwa kaburi lichimbwe upande gani, akasema fanyeni tu. Aliulizwa nguo za marehemu zigawiwe nani, pikapu iegeshwe wapi, nani asome wasifu, na kila aliyemwinamia sikioni alipata jibu lile lile. Angeombwa paa la nyumba angesema fanyeni tu.

"Nilisema," alijibu. "Na huyu aliyekuwa ananiuliza alijua mtu anayemuuliza yuko katika hali gani."

"Lakini ulisema."

"Nilisema."

Mwenyekiti akaivuta kofia yake kutoka kwenye mwiba, akaipangusa. "Mimi nimeitwa kwa ajili ya kuvuja," alisema. "Mambo ya ukuta sikuitwa. Kuvuja kukome kufikia Ijumaa, la sivyo gari litoke mtaani. Na huo ua, jamani, muutunze, usije ukachoma mtoto."

Akashushwa kutoka kwenye kochi. Mke wa Bwana Geti akamfungia vitumbua viwili vya njiani.

Walipokuwa barabarani, Fundi Masikio alimsogelea Mama Turubai, akaongea kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya siri na iliyosikika hadi dukani.

"Shemeji, mimi ningekuwa wewe nisingeziba kitu. Acha ivuje. Nyunyizia maji, ongeza hata ya mvua. Huo ua utafika darini, utatoboa dari, utatoboa bati. Kabla ya mwaka kwisha jamaa atakuwa amehama kwa miguu yake mwenyewe, na wewe umekaa kwako unakunywa uji."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi gani?"

"Nibebe maturubai kichwani? Vyuma je, unibebee wewe, na hiyo shingo yako?"

Fundi akajishika shingo.

"Injini ikikaukiwa maji itachemsha," aliendelea Mama Turubai. "Ikichemsha, hedi ya juu ya injini itapinda. Hedi ikipinda sina gari, na sina gari sina kazi, na ukuta utakuwa bado umesimama pale pale unanitazama. Nitakuwa nimempa uwanja, na gari juu yake kama zawadi." Walipofika uwanjani kwake akapitisha mkono dirishani, akafungua mlango wa pikapu kwa ndani, maana kwa nje haukufunguka. "Nataka gari langu liwake. Hilo la ukuta mimi na yeye tutaishi tukitazamana nalo. Lete kile kidude chako."

Kidude kilikuwa kifuniko cha zamani cha rejeta ambacho Fundi Masikio alikitoboa katikati akakichomelea valvu ya baiskeli. Unakifunga kwenye mdomo wa rejeta iliyojaa maji, injini ikiwa baridi, kisha unapiga pampu ya baiskeli kama mtu anayejaza gurudumu. Upepo unayasukuma maji, na maji yanatafuta pa kutokea. Mama Turubai akapiga pampu. Fundi akavua kofia, akalala, akaegemeza sikio kwenye chuma.

"Nyamazeni!" akapiga kelele.

Wapangaji wakaacha kufua. Redio ya dukani ikapunguzwa. Upande wa pili wa ukuta, Bwana Geti, aliyekuwa akikohoa, akaacha kukohoa.

"Siyo mpira," alisema Fundi. "Siyo pampu. Iko huku ubavuni, nyuma ya ekzosi. Inanong'ona."

Kwenye ubavu wa bloku la injini kuna vizibo vya bati, mviringo, vya ukubwa wa mfuniko wa kopo la maziwa. Kulanti huvilinda. Maji ya bomba huvila polepole, kutoka ndani, bila mtu kuona. Kizibo cha mwisho kilikuwa kimejificha mahali ambapo mkono haufiki mpaka ekzosi ing'olewe, na boliti za ekzosi zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu. Wakazilowesha dizeli, wakazingoja, wakazigonga, wakazingoja tena. Mama Turubai alizifungua zote yeye, kwa spana ndefu, mguu mmoja ameukanyagisha kwenye bampa. Miaka mingi alikuwa amemshikia mumewe tochi, na mtu aliyeshika tochi huona kila kitu ambacho mwenye spana anaona, tena yeye huambiwa ameshika vibaya.

Ekzosi ilipotoka, kizibo kikaonekana. Hakikuwa na sura tena. Kilikuwa kimebaki pete ya kutu. Na katikati ya pete, pale ambapo bati lingekuwa, palikuwa na donge la kijivu lililoliwa kando, maji yakipita ubavuni mwake tone kwa tone.

Fundi Masikio akalinusa. "Sabuni ya mche," alisema.

Hiyo ilikuwa dawa ya marehemu. Madereva wote wa rika lake waliijua: tundu likikutokea njiani unakanda kipande cha sabuni, unakisokomeza, unakiacha kikauke, unafika nyumbani. Yeye alifika nyumbani, akasema ameitengeneza, na hakuigusa tena. Sabuni ikaganda kwa joto la injini ikawa kama jiwe, ikafanya kazi ya chuma miaka yote ile, ikamzidi umri mwenye kuiweka, hadi Fundi Masikio alipoingiza maji ya moto kusafisha.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Fundi.

"Ni wewe. Na yeye. Na mimi niliyemwamini aliposema ametengeneza."

Mama Turubai akalitoa donge kwa bisibisi, taratibu, likamwangukia kiganjani. Juu yake palikuwa na alama ya dole gumba, pana, lenye kovu la kukatwa katikati. Alilitazama dole lile muda wa kutosha. Kisha akaliweka juu ya boneti, kivulini, akarudi kwenye kazi.

Walikilaza kilichobaki cha kizibo kwa kukigonga ukingo mmoja na patasi, kikageuka upande, wakakivuta kwa plaizi. Fundi alisugua tundu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Mama Turubai akapaka gundi ya gasketi kwenye ukingo wa kizibo kipya, cha shaba, kisichoshika kutu, akakiweka mdomoni mwa tundu, akakiegemezea soketi inayolingana nacho, akapiga nyundo. Hakupiga kwa hofu. Alipiga kama mtu anayebisha hodi kwa watu anaodaiana nao heshima, mapigo yaliyotulia, na kizibo kikaingia kimenyooka mpaka kikakaa.

Ekzosi ikarudi. Wakajaza kulanti halisi, ya kijani, wakaiwasha injini rejeta ikiwa wazi, wakaiacha ingurume mpaka mapovu yakaisha na hewa yote ikatoka. Ilikohoa kidogo kwanza, kama kawaida yake, kisha ikatulia. Fundi aliinamisha kichwa, akasikiliza, akakinyanyua.

"Imenyamaza," alisema.

Chini ya pikapu palikuwa pakavu. Walingoja, wakanywa chai, wakatazama tena. Pakavu.

Ndipo Mama Turubai alipolichukua lile donge la sabuni, akaenda bombani, akanawa nalo mikono. Mikono ilikuwa na grisi mpaka viwikoni. Sabuni ikatoa povu zuri, jeupe, na alinawa mpaka ikaisha yote.

Ijumaa mwenyekiti alipita, akainama, akapitisha kiganja chini ya injini, akakionyesha kwa wapangaji: kikavu. Akampa Mama Turubai mkono. Juu ya ukuta Bwana Geti alisema, "Ahsante, jirani, umeonyesha uungwana," na Mama Turubai akamwambia ahsante aiweke, harusi ipite kwanza.

Harusi ikapita. Pikapu ilikwenda na kurudi imejaa vyuma na viti, haikuchemsha hata kwenye kile kilima ambacho magari mapya husimama kupumua. Maturubai yalisimama, upepo ulikuja ukayakuta yamefungwa, watu wakacheza mpaka viatu vikabebwa mkononi. Bi harusi alikuwa yule yule wa mwanzo. Kabla ya keki kukatwa, Mama Turubai alikuwa ameshapata kazi nyingine kutoka kwa shangazi wa bwana harusi, na nyingine kutoka kwa shangazi aliyekuwa hasemi na shangazi huyo.

Sebuleni kwa Bwana Geti maji yalikauka. Ua haukukauka. Mizizi ilikuwa imekwisha kushuka chini ya vigae ikakuta udongo inaoujua, na haikuhitaji tena kumwagiliwa na mtu. Haukupanda darini kama alivyotabiri Fundi Masikio. Ulifika kiunoni ukaridhika, na kazi yake ikawa kunenepa, kutoka mlango wa jikoni hadi dirisha la barabarani, na pengo moja katikati la kupita mtu. Bwana Geti aliuliza mafundi wa ujenzi, wakamwambia wanaweza kuvunja sakafu, lakini utaota tena. Ukuta hakuuliza kama unaweza kuvunjwa, na hakuna aliyemuuliza.

Jumapili asubuhi Bwana Geti alianza kuupunguza ua upande wake, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye ua. Alipomaliza, akauona upande wa pili umebaki vichaka vichaka, matawi yanaingia kwenye viti vya kulia chakula. Alisimama pale na mkasi. Kisha akaenda ukutani, akaita.

"Jirani! Upande wako umezidi."

"Nakuja," alijibu Mama Turubai.

Akaja na mkasi wake mkubwa, akalisukuma geti kwa bega, akapita kwenye pengo, akasimama kati ya ua na meza ya chakula. Alikata kwa mpangilio, akishusha na kulinganisha, huku akimsimulia mke wa Bwana Geti mambo ya shangazi wale wawili, na mke wa Bwana Geti akicheka jikoni mpaka anashika meza. Bwana Geti alikaa kwenye kiti chake cha kila siku, kichwani mwa meza, akisoma gazeti. Mara kwa mara jani lilimwangukia gazetini, akalipuliza.

Alipomaliza, Mama Turubai alirudi nyuma akautazama ua kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umenyooka. Akakusanya matawi kwenye kiroba, akajitwika, akaelekea mlangoni kwenda kuyatupa kwake.

"We, unakwenda wapi?" mke wa Bwana Geti alimwita, bakuli la moto limeshikwa kwa tambara. "Tua hicho kiroba hapo nje. Ingia tule, nimepika kwa kukuhesabu na wewe." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, baba watoto, kunja hilo gazeti. Sogea basi, mpishe mgeni akae."